Nasaba ya Akina Almeda

Kwa miaka thelathini na tatu Badawi Almeda alikuwa karani katika Bandari ya Jeddah, na kazi yake ilikuwa kutafuta mizigo iliyopotea. Kontena likishushwa mahali pasipo pake, au karatasi zake zikiandikwa jina la mwingine, aliitwa yeye. Alianza na karatasi ya mwisho, akarudi nyuma moja baada ya nyingine, mpaka akaifikia meli iliyolileta na mji lilikopakiwa. Wenzake walisema hajashindwa hata mara moja. Lakini jina lake mwenyewe hakuwahi kulifuatilia.

Jeddah ni mji wa watu waliokuja kuhiji wakabaki. Wapo wa asili ya Bukhara, ya Java, ya Hadhramaut, ya Kano, na majina yao yanasema walikotoka. Almeda halikusema kitu. Baba yake, Salim, alikuja kutoka Unguja mwaka wa 1964 baada ya mapinduzi, na mke kijana na sanduku moja, na kila alipoulizwa jina hilo ni la wapi alinyanyua kidevu akajibu, "Sisi ni wa nahodha wa Kireno." Badawi aliirithi habari hiyo kama alivyorithi saa ya baba yake, bila kuifungua aone ndani mna nini.

Ndipo ikaja posa ya Hala.

Hala, bintiye wa pekee, alikuwa mfamasia katika hospitali moja ya Riyadh. Huko ndiko alikojuana na Amir, mhandisi wa mitambo, kijana mpole asemaye kidogo. Baba yake Amir, ambaye watu wote walimwita Abu Amir, alikuwa na ghala la mbao Al-Sulay, upande wa viwanda wa Riyadh. Alifunga safari na nduguze wawili mpaka nyumbani kwa Badawi, wakaleta tende na udi, wakakaa, wakanywa kahawa. Mazungumzo yalikwenda vizuri hadi mzee yule alipoweka kikombe chini.

"Abu Hala," alisema kwa Kiarabu cha Najdi, lafudhi ya Riyadh, taratibu, "binti yenu tumemsikia sifa zake. Sasa tuambie. Almeda ni watu wa kabila gani?"

"Asili yetu Unguja," akajibu Badawi.

"Unguja ni mahali. Mimi nauliza nasaba."

Neno la nahodha lilimfika Badawi mdomoni. Akaliona ghafla jinsi lilivyo jepesi. Nahodha nani? Wa mwaka gani? Aliishi wapi, alizikwa wapi? Mtu ambaye maisha yake yote alikataa kupokea karatasi isiyo na muhuri hakuweza kumpa mwenziwe habari kama ile.

"Nipe miezi miwili," alisema. "Nitakuletea jibu la kweli."

Ndugu mmoja wa Abu Amir alitabasamu kwa upande. Badawi aliliona tabasamu lile, nalo likamkaa rohoni siku nyingi.

Wiki haikwisha, jirani yake mmoja akamjia msikitini na nasaha. Alimjua mtu awezaye kumwandikia shajara ya ukoo, yaani mti wa nasaba, kwa hati nzuri na rangi ya dhahabu, imfikishe mpaka kabila lolote la Omani alitakalo. "Wangapi wamefanya," alinong'ona jirani. "Utamkosesha mtoto mume kwa ajili ya nini?"

Badawi alirudi nyumbani amekunja uso. Mama yake, Bi Saleha, mwenye miaka themanini na mbili, alikuwa amekaa kitini anasukwa nywele na Fridah. Fridah alikuwa mwanamke wa Kitui, Kenya, Mkristo, na huu ulikuwa mwaka wake wa nne wa kumtunza bibi. Badawi alimchagua kwa kuwa anajua Kiswahili, maana Bi Saleha Kiarabu alikizungumza na watu wa nje tu. Badawi akawasimulia habari ya shajara.

"Uwongo ulioandikwa kwa dhahabu ni uwongo vile vile," alisema Bi Saleha. "Usinitilie jambo hilo nyumbani."

"Basi nifanye nini, mama? Unguja nimekwenda mara mbili tu. Wazee wamekwisha."

Fridah alishusha chanuo. "Baba, naweza kusema kitu?"

"Sema, mwanangu."

"Hilo jina lenu, kwa kanisa letu kule nyumbani kulikuwa na familia ya Wagoa wanaitwa hivyo hivyo. Almeida. Ni Wakatoliki. Na hao mapadre wa zamani walikuwa wanaandika kila kitu, baba. Nani amebatizwa, nani ameoa, nani amekufa. Si mngeuliza kanisani?"

Badawi alimtazama. Kutafuta asili ya ukoo wa Kiislamu ndani ya vitabu vya kanisa ni jambo ambalo lisingemjia akilini hata angeishi miaka mia. Lakini mara ngapi alilikuta kontena kwenye karatasi za meli isiyodhaniwa?

Fridah ndiye aliyempata mtu. Alipigia simu kwaya ya kanisa lao, kwaya ikampa namba ya mtawa, mtawa akampa namba ya Bwana Lawrence, karani wa parokia moja mjini Unguja. Bwana Lawrence alikuwa mzee mwenye sauti ya kukwaruza na mapenzi makubwa ya vitabu vikuukuu. Badawi alimwambia jina, akamwambia na jina la babu yake, ambaye naye aliitwa Badawi, aliyezaliwa kama mwaka wa 1892.

"Nipe siku kumi," alisema Bwana Lawrence. "Mchwa wametutangulia kwenye baadhi ya kurasa, lakini tutaona."

Siku ya kumi na moja simu ililia. Badawi alikuwa bandarini, akatoka nje penye kelele za winchi, akaziba sikio moja kwa kiganja.

"Nimempata," alisema Bwana Lawrence. "Caetano Almeida, mshonaji, mzaliwa wa Goa. Yumo katika orodha ya waumini ya mwaka 1886. Na pembeni padre wa wakati huo, Mfaransa, ameandika kwa lugha yake, miaka mitatu baadaye. Nikusomee?"

"Nisomee, bwana."

"Anasema hivi: 'Huyu ametuacha. Ameingia Uislamu, amemwoa Bahati, mwanamke aliyekuwa mtumwa. Nilimsihi sana, hakunisikia. Bado hunishonea kanzu zangu, wala mjini hakuna mshono mfano wa wake.'"

Badawi alikaa juu ya tofali lililokuwa karibu. Bwana Lawrence akauliza kama simu imekatika.

"Nipo," alisema. "Kwa hiyo hakuwa Mreno?"

"Mreno wapi! Huko Goa Wareno walitawala miaka mia nne na zaidi. Mapadre wao walipowabatiza watu, waliwapa majina ya Kireno. Kijiji kizima pengine kilichukua jina la padre mmoja. Babu wa kale wa Caetano alikuwa Mhindi kama Wahindi wengine, akapewa Almeida siku alipomwagiwa maji."

Jioni ile Badawi alimweleza mama yake, akimchunguza uso. Alidhani atashtuka. Bi Saleha alivuta mtandio wake, kisha akasema, "Basi limetoka. Mimi n'likuwa n'kilijua nusu yake."

"Ulijua, mama?"

"Bibi yako, mama yake baba yako, ndiye alon'ambia, siku niliyoolewa. Alisema mama mkwe wake alikuwa mtumwa wa shamba la karafuu, akapata uhuru wake, akaja mjini. Bahati. Alijua kudarizi kofia, na yule Mgoa alikuwa na cherehani. Walifungua kibaraza kimoja, yeye akidarizi huku, mume akishona kule. Watoto wa mjini wakawacheka: mama mtumwa, baba kafiri aliyesilimu jana. Mtoto wao, babu yako, ndiye alozua nahodha. Alitaka watu wanyamaze. Bibi yako akaniapisha nisiseme."

"Na wewe ukanyamaza miaka sitini?"

"N'liapishwa, mwanangu. Lakini leo mwenyewe umekwenda ukaipata, na kiapo changu hakikuvunjika." Akacheka, jino lake moja la dhahabu likaonekana. "Hebu nambie tena yule padre alivyosema habari ya mshono."

Badawi akamwambia tena, na mara ya tatu. Kila alipoyarudia maneno yale alihisi kifua kinapanuka. Nahodha wa baba yake alikuwa kivuli tu. Hawa wawili walikuwa watu: mmoja alitoka Goa na cherehani, mwingine alitoka shambani na mikono yake, na mji uliowacheka ulivaa kazi yao.

Alimpigia Hala, akamweleza yote, asimfiche hata neno la utumwa. Hala alilia kidogo, na kesho yake akapiga simu yeye.

"Baba, nimekesha nikisoma. Almeida ni mji huko Ureno, mpakani. Na unajua wataalamu wengi wanasema jina lake limetoka wapi? Al-maida. Meza, kama ile sura ya Qurani. Waislamu wa Andalusi ndio waliouita hivyo, maana umekaa juu ya uwanda uliolala kama meza."

"Neno la Kiarabu?"

"La Kiarabu, baba. Limekwenda Ureno, limekwenda Goa, limekwenda Unguja, na babu ndiye aliyelirudisha huku."

Badawi alicheka mpaka Fridah akatoka jikoni kuja kuona kumetokea nini.

Miezi miwili ilipotimia alipanda ndege kwenda Riyadh peke yake. Hakuchukua mshenga. Bi Saleha alimtolea kofia nyeupe ya kudarizi, akamwambia aivae chini ya kilemba chake, na hakusema zaidi.

Abu Amir alimpokea katika baraza iliyo nyuma ya ghala lake Al-Sulay, ambako harufu ya mbao mbichi ilichanganyika na ya iliki. Nduguze wawili walikuwepo, na Amir alikaa karibu na mlango, mikono magotini. Badawi alikunywa kikombe kimoja, akakitikisa kuonyesha ametosheka, akaanza.

Aliwaeleza kila kitu kwa mpango, kama alivyozoea kueleza safari ya mzigo. Alianza na yeye mwenyewe, akarudi kwa baba yake, akarudi kwa babu yake na uwongo wake, akafika kwa Caetano aliyesilimu na kibaraza cha mjini Unguja. Kisha akafika kwa Bahati. Akanyoosha mgongo.

"Mama wa babu yangu alikuwa mtumwa," alisema. "Alikuwa akifanya kazi shambani chini ya jua mpaka alipopata uhuru wake, kisha akaishi kwa sindano yake na kwa sala zake, na hakuna aliyepata kusema neno baya juu ya tabia yake. Mimi sina kabila la kukutajia, Abu Amir. Ningeweza kukuletea shajara yenye rangi ya dhahabu, niliahidiwa. Nimekuletea watu hawa wawili. Ndio nasaba yangu, na binti yangu ni wao."

Yule ndugu wa tabasamu aliinuka, akasema ana shughuli, akatoka bila kumpa mtu mkono. Amir aliinamisha kichwa.

Abu Amir alijimiminia kahawa, asiinywe.

"Huyo mama," aliuliza hatimaye, "jina lake ulisema nani?"

"Bahati."

"Bahati maana yake nini kwenu?"

Badawi akamwambia. Mzee yule akalirudia jina kwa ulimi mzito.

"Nilikuja nyumbani kwako nikitaka kujua kama nyinyi ni watu wa heshima," alisema. "Niliuliza kabila kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kuuliza. Sitakudanganya, ndugu zangu watanilaumu. Nipe siku chache nizungumze nao."

Siku chache zilikuwa kumi na tisa. Badawi aliporudi Jeddah aliwaambia mama yake na Fridah kwamba jibu lolote litakalokuja atalala usingizi wake, na kweli alilala. Hala huko Riyadh hakulala. Siku ya kumi na tisa, kabla ya adhuhuri, Abu Amir alipiga simu mwenyewe. "Ndugu yangu mmoja amekataa kabisa, na harusini hatakuja," alisema. "Sisi tuliobaki tunakuja. Panga siku."

Harusi ilifanyika Jeddah baada ya Ramadhani. Yule ami yake Amir hakuja kweli, na pengo lake lilionekana. Lakini katika ukumbi wa wanawake, kama Fridah alivyosimulia baadaye, mama yake Amir alimwendea Bi Saleha, akambusu kichwani, akamwuliza habari za mwanamke wa sindano. Bi Saleha alimkalisha karibu naye akamsimulia kwa Kiarabu chake cha kuvunjika, huku wanawake wengine wakisogeza viti ili wasikie.

"Aki, baba, bibi aliongea kama malkia," alisema Fridah. "Hata chakula kilipoa, na hakuna mtu alijali."

Sasa Badawi amestaafu. Habari zimeenea katika nyumba za watu wa Unguja waliopo Jeddah, na baada ya sala ya Ijumaa huja watu, wengine vijana, wengine wazee kuliko yeye, kila mmoja na jina lake la ukoo asilojua limetoka wapi. Huwakaribisha, Fridah akaleta chai ya tangawizi, naye akafungua daftari jipya na kalamu. Wengi huanza kwa kumtajia baba, na baba wa baba, na mtu mkubwa aliyesemekana kuwepo huko mwanzo. Badawi huwasikiliza hadi wamalize. Kisha huwauliza, "Na mama zao waliitwa nani?" na likitajwa jina la mama mmoja tu, huanza kuandika.