Watu Kumi na Mmoja Mlimani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika stesheni ya Farsta saa nzima kabla ya wakati, nikiwa na ramani mbili, dira, na karatasi niliyoorodhesha kila kitu kinachoweza kuharibika. Msimamizi wa matembezi, Bi. Akinyi, Mkenya ambaye siku za kazi ni muuguzi, aliisoma karatasi ile mpaka akafika kwenye mstari wa dubu.

"Dubu? Hapa Stockholm?"

"Huwezi kujua, Bi."

"Hiyo digrii yako ya jiografia iache hapa stesheni. Kazi yako ni moja tu: wewe ni mkia."

Nawaandikia ninyi mnaoichukua kazi hii baada yangu. Misimu mitatu si umri wa kutoa mawaidha, najua, lakini kuna jambo moja siwezi kuondoka bila kulisema.

Jumuiya yetu huwapeleka wazee wa Kiafrika kutembea msituni Jumamosi, kwa sababu wengi wao wameishi mjini hapa miaka mingi bila kuvuka bustani ya mtaa wao. Basi hutushusha ukingoni mwa msitu. Tunafuata alama za rangi ya chungwa zilizopakwa kwenye miti, tunapanda hadi kileleni kwa saa mbili, tunateremka upande wa pili hadi ziwani, tunakunywa chai, tunarudi. Mama yangu, ambaye yuko Moshi, alipoona picha ya kilele aliuliza, "Huo ni mlima au jiwe?" Lakini kwa magoti ya miaka sabini ni mlima.

Msimamizi hutangulia. Mkia hutembea nyuma ya mtu wa mwisho na hampiti kamwe, hata akisimama kufunga kamba za viatu mara kumi. Na kila tunapoondoka mahali, mkia huhesabu watu.

Jumamosi moja ya Septemba, msimu wangu wa pili, wazee walikuwa kumi na mmoja. Kileleni, Bi. Akinyi alipoanza kuteremka na wa mbele, nilinyoosha kidole nihesabu. Mzee Kombo wa Pemba, mkubwa kuliko wote, akanitazama.

"Kijana, sisi si mbuzi. Watu hawanyooshewi kidole wakahesabiwa. Nuksi hiyo."

Nilikuwa nimelelewa hivyo hivyo. Nikashusha mkono. Niliwaza: nikiendelea nitamvunjia heshima, nikihesabu kwa macho ataniona, na isitoshe, naona hakuna aliyebaki. Nikasema, "Samahani, Mzee," nikamfuata chini.

Ziwani, Mama Neema alikuwa akimimina chai simu ilipolia ndani ya mkoba wake.

"Mama Furaha, simu yako hii! Mama Furaha?"

Hakuna aliyeitika. Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mkazi wa mtaa wa Bredäng, alikuwa amempa shoga yake Mama Neema simu aibebe. Sasa nilihesabu kwa kidole, kwa sauti, na hakuna aliyenikataza. Walikuwa kumi. Mzee Kombo aliweka kikombe chini.

Bi. Akinyi hakunigombeza. "Panda," alisema. "Mimi napiga simu kuomba msaada."

Nilipanda mbio, huku kichwa kikiniambia yote: ameanguka kwenye genge, amefuata alama za njia nyingine, baridi itamkuta na blauzi nyepesi aliyovaa. Niliita jina lake mpaka sauti ikakauka.

Nilimkuta nyuma ya miamba ya kileleni. Alikuwa amekwenda kujisaidia, akateleza, kifundo cha mguu kikageuka. Alituita, lakini upepo ulikuwa unavuma kutoka kwetu kwenda kwake. Midomo yake ilikuwa imepauka. Nilimvika koti langu, nikaanza kuomba radhi bila mpangilio.

"Mwana, usilie," alisema. "Sikuogopa. Nilijua ukifika kule utatuhesabu."

Sikumwambia kwamba ni simu iliyohesabu. Nilimwambia baadaye, hospitalini, mbele ya bintiye. Bintiye alinilaumu kwa Kiswidi, taratibu, na alikuwa na haki. Mama Furaha akasema, "Merci kwa kuniambia." Hakutembea nasi tena.

Nilipotaka kuacha kazi wiki ile, Bi. Akinyi alikataa. "Ukiondoka sasa, nitapata mkia ambaye hajawahi kuogopa." Basi nikabaki msimu mmoja zaidi, na kila tulipoondoka mahali nilinyoosha kidole. Mzee Kombo aligeuza uso nilipomfikia, lakini alisubiri nimalize.

Sasa nimepata kazi ya ofisini, kuchora ramani. Huko nikikosea nafuta, nachora upya. Kazi mnayoichukua ninyi si hivyo. Mnapoondoka kileleni, yupo mtu nyuma ya mwamba, ametulia, kwa sababu anaamini mmeshamhesabu.