Mche wa Mlimau Uliooshwa Mizizi

Wasafiri waliozoea njia ile walimwita Mama Fungua, maana kwa miaka ishirini na tisa aliyosimama nyuma ya meza ya ukaguzi wa mimea pale mpakani, neno lake la kwanza kwa kila mtu lilikuwa hilo hilo. Fungua. Halikuwa na ukali wala upole. Miguu ilikuwa inavimba, kiuno kinamsumbua, na hamu ya kubishana na watu ilimwisha zamani. Amewahi kutoa maembe ndani ya godoro la mtoto mchanga. Amewahi kumvua kofia bwana mmoja mzima na heshima zake, akakuta marando ya viazi yamejikunja juu ya upara kana kwamba yamepanga chumba. Watu wana mambo, jamani! Na kila mmoja ukimbana ana maneno yale yale: ni kidogo tu, ni cha kula mwenyewe, ni cha mgonjwa.

Nyumbani kwake hapakuwa na mti hata mmoja. Mumewe, seremala aliyestaafu, alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye ameoa afisa wa mimea lakini kivuli wanaazima kwa jirani. Mama Fungua alicheka mara ya kwanza na ya pili, kisha akaacha. Alikuwa amebakiza miezi miwili na yeye astaafu, na mpango wake ulikuwa mmoja tu, kukaa chini.

Asubuhi moja mumewe alikuwa anazunguka uani akitafuta jembe. Alipomuuliza la nini, akajibu la kulimia, akacheka peke yake. Mama Fungua hakuwa na nguvu za kumdadisi. Alivaa viatu vyake vipana akaenda zake kazini.

Dada yake mkubwa alikuwa anakuja siku hiyo kutoka ng'ambo ya mpaka, walikozaliwa wote wawili. Mama yao alifariki mwaka uliopita, kiwanja kikauzwa, na mnunuzi hakuchelewa. Wiki mbili zilizopita dada alipiga simu akasema wameanza kukata miti, na wa kwanza kwenda ulikuwa ule mlimau wa mlangoni pa jiko, ambao mama aliumwagia maji ya kuoshea vyombo kila jioni mpaka uzeeni. Mama Fungua alilia siku ile, akajifuta, akarudi mezani.

Basi liliingia saa nne. Alipomwona dada yake kwenye foleni na begi lake la zipu, alisogea pembeni kama kanuni inavyotaka, maana afisa hakagui mzigo wa ndugu yake, akamwachia kijana mwenzake ambaye wote walimwita Miwani. Miwani alisalimia kwa adabu zote, akafungua zipu, akainua nguo. Chini yake palikuwa na taulo bichi, na kwenye ncha ya taulo majani matatu ya mlimau. Akamtazama Mama Fungua. Akafunga zipu.

"Nguo tupu, mama," akasema, akaanza kuandika.

Mama Fungua angenyamaza tu, mambo yangekwisha. Nani angejua? Dada angepita, wangekula pamoja, na mti wa mama yao ungekuwa na mahali duniani. Lakini mwaka wake wa pili kazini aliwahi kumpitisha mzee mmoja na miche miwili ya michungwa, kwa kuwa mzee alifanana na baba yake. Miaka sita baadaye michungwa ya bonde zima ilianza kukauka, shamba kwa shamba, na watu wakauza mpaka mabati. Hakuna aliyemhusisha na jambo lile. Yeye alijihusisha mwenyewe, na hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe.

Akamwambia Miwani asimame kando, akafungua.

Ulikuwa mche wa urefu wa mkono, na mizizi yake ilikuwa myeupe pe. Dada yake alisogea karibu na meza huku akitabasamu, mtu anayesubiri kupongezwa.

"Ulichipua shinani pa mlimau wa mama. Nimeuosha, mdogo wangu," akasema. "Nimesugua na mswaki jana jioni nzima. Si wewe uliniambia udongo ndio mbaya?"

Ni kweli alimwambia. Ilikuwa miaka mingi nyuma, kwenye simu, jioni moja amechoka hajiwezi, dada akiuliza mambo ya mimea, naye akajibu udongo ndio mbaya ili simu iishe. Hakusema habari ya cheti cha afya ya mimea. Hakusema kwamba ugonjwa wa jamii ya michungwa na milimau unakaa ndani ya mti wenyewe, na maji hayaufikii. Dada aliishika nusu ile ya kanuni miaka yote, akaitimiza sawasawa.

Mama Fungua alichukua kioo chake cha kukuzia, akatazama jani moja moja, juu na chini. Tuseme ukweli, alikuwa anaomba aone doa. Angeona doa angekuwa na la kumwonyesha dada yake, nao wangeulaumu ugonjwa. Hakuona kitu. Mche ulikuwa safi, na jani alilolishika lilimwachia kwenye vidole harufu ya mlangoni pa jiko kwa mama. Alijua pia kwamba ugonjwa ule unaweza kujificha miaka miwili kabla haujaonyesha chochote.

"Hauna cheti, dada. Hauwezi kupita. Unaruhusiwa kurudi nao."

"Niurudishe wapi?"

Mama Fungua akavuta fomu, akaandika mche mmoja, mlimau, hauna cheti, na mahali pa jina la mwenye mzigo akaandika jina la dada yake kwa herufi kubwa. Kisha akauvunja mche mara mbili, akautia mwenyewe kwenye pipa la vitu vya kuchomwa. Miwani alikuwa ameinamisha kichwa. Dada alikunja lile taulo bichi vizuri, akalirudisha ndani ya begi, akaenda kukaa kwenye benchi la wasafiri mpaka zamu ilipokwisha saa tisa.

Walipofika nyumbani, mumewe alikuwa amesimama uani kwenye mlango wa jiko, shati limelowa jasho, jembe mkononi. Mbele yake palikuwa na shimo limechimbwa likachimbika, na pembeni beseni la maji ya vyombo aliyoyatunza tangu asubuhi.

"Haya, shemeji, leteni huo mlimau," akasema kwa furaha. "Mstaafu wetu anadhani kukaa chini ni kukaa juani?"

Mama Fungua alimgeukia dada yake. Dada alikuwa anatazama shimo.

"Ulikuwa wako," dada akasema taratibu. "Tulitaka uukute umeshapandwa."

Mama Fungua akakaa kwenye kizingiti cha jiko, akavua kiatu kimoja, cha pili kikamshinda.

"Nimeutupa," akamwambia mumewe. "Mimi mwenyewe."

Seremala alitazama beseni, akatazama shimo, akaenda kurudisha jembe. Dada aliweka begi chini, akapiga magoti mbele ya mdogo wake, akaanza kumfungua kamba za kiatu.