Swichi ya Taa za Mzee Nassor

Mie ni fundi umeme wa magari hapa Goba. Wiki iliyopita niliapa kwamba ndani ya lori la Mzee Nassor hautaonekana waya hata wa dawa. Fundi aliyenitangulia alimwachia nyaya zinaning'inia kama tambi, na sasa Mzee alitaka taa mbili za ziada kwa barabara mbovu za Kimbiji.

Nikafuata video ya fundi mmoja wa ng'ambo. Alipofungua mlango wa kushoto, nikafungua wa kushoto. Alipopitisha waya chini ya kapeti, nikapitisha. Siku nzima nimelala chali, shingo imekakamaa, sikubali kushindwa. Swichi nikaificha pembeni mwa mlango, kama yeye. Nikaijaribu nikiwa nimesimama chini, taa zikawaka. Nikapiga na picha!

Mzee alikuja na mkewe kuchukua lori. Akakaa kwenye usukani, akapapasa kila mahali.

"Fundi, swichi iko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye mlango wa kushoto, upande wa abiria. Kumbe kwa yule wa video usukani uko kushoto.

Mzee akamgeukia mkewe. "Mama Salma, Kimbiji sasa tutakwenda wote. Mie naendesha, wewe unawasha taa."