Paka Aliyepelekwa Bomang'ombe

Nilipopata ujauzito, jirani wa kwanza kuliona tumbo langu aliniuliza, "Na huyo paka utampeleka wapi?" Sikuwa na mpango wa kumpeleka popote. Nilimwokota mwenyewe kwenye mtaro hapa Soweto, Moshi, akiwa mdogo wa kutosha kiganjani, ncha ya mkia imeshakatika. Alikua akawa paka mpole wa rangi ya majivu, asiyependa kelele.

Mimi na mume wangu tulikwenda kwa daktari wa mifugo tukamweleza maneno ya watu. Alitujibu kwamba paka akichanjwa kichaa cha mbwa, akapewa dawa ya minyoo, akazuiwa kula panya na nyama mbichi, na mimi nisiguse kinyesi chake, tunaweza kuishi naye vizuri tu. Mtoto akizaliwa, paka asilale naye chumba kimoja. Basi.

Tulifuata yote. Jioni tulimfungia ndani, maana mtaani kwetu watu hutega sumu ya panya ovyo. Mchanga wa choo chake aliubadilisha mume wangu, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Bomang'ombe. Chumba cha mtoto alikitengenezea mlango wa wavu kwa mikono yake, akaupaka rangi ya kijani. Nilikuwa nikimtazama akipiga msumari najiambia nimepata mume.

Mtoto alipozaliwa, mama mkwe alishuka kutoka Old Moshi na mkungu wa ndizi za kihambani, shamba la migomba nyumbani kwake, aje kunipikia mtori, supu ya ndizi na nyama. Nilitegemea yeye ndiye atakayemkataa paka. Kumbe walipatana. Akichambua dagaa alimwekea vichwa pembeni, huku akimsemesha Kichagga kama mjukuu.

Asubuhi moja niliamka nikakuta bakuli la paka halijaguswa. Mume wangu alishaondoka. Tulitafuta mimi na mama mkwe, chini ya vitanda, stoo, juu ya dari. Jioni mume wangu aliporudi alinikuta nalia. Alibadilisha viatu akatoka nami. Tulizunguka mtaa mzima. Aliinama kwenye mitaro, akauliza dukani, akamwita paka kwa sauti ya kubembeleza. Tulipokaribia nyumbani akaniambia taratibu, "Mama alitoka alfajiri kuanika nepi. Labda aliacha mlango wazi. Usimwambie kitu, ni mtu mzima."

Sikumwambia kitu. Lakini maneno yale yaliniingia. Asubuhi nilimpa shikamoo yake, akaitikia marahaba, yakaishia hapo. Mtori wake niliula kimya. Haikupita wiki akafunga mzigo wake, akasema kihamba hakina mtu wa kukiangalia, akapanda kwake.

Baadaye sana alikuja jirani yangu anayeuza mitumba kwenye mnada wa Bomang'ombe. "Mama, paka wako wa mkia mfupi nimemwona kule, kwenye mabucha," alisema. "Amekonda, lakini ni yeye."

Usiku ule nilimsubiri mume wangu aanze kula, nikamwambia. Akaweka kijiko chini.

"Paka hatembei kutoka hapa hadi Bomang'ombe," nilisema.

"Nilimbeba kwenye kikapu. Kazini waliniambia manyoya ya paka yanaziba kifua cha mtoto. Niliogopa."

"Daktari tulimsikiliza wote wawili."

"Ningekuambia ungekataa."

"Na ile jioni uliyoinama kwenye mitaro, ulikuwa unamtafuta nani?"

Alisukuma sahani pembeni. Nikamuuliza tena, "Na mama? Kwa nini ulimtupia lawama mama yako?" Hapo alifunika uso kwa mikono. Ajabu ni kwamba sikumhurumia hata kidogo.

Kesho yake nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda Bomang'ombe. Nilimkuta paka chini ya meza ya bucha, sikio limechanika, mguu wa nyuma una kidonda kilichovimba. Aliniruhusu kumshika. Daktari wa mifugo alimsafisha kidonda, akamchoma sindano, akanionya nimtenge mpaka dawa ziishe. Alipona, ila anachechemea. Mume wangu akiingia jikoni, paka hutoka.

Kisha nilipanda Old Moshi. Mama mkwe nilimkuta anapalilia migomba. Nilimsalimu, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alijifuta mikono kwenye kanga.

"Mlango niliufunga, mwanangu," alisema. "Nilimsikia dirishani akikuambia ni mimi. Nikasema huyu nimemzaa mwenyewe, atajirudi aseme. Nikakaa siku zote zile namsubiri aseme."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mume wako ni mwongo, na wewe una kichanga kifuani?"

Tulikaa kwenye benchi la jikoni kwake mpaka mtoto akaamka. Alimpokea, akamtazama sana, wala hakumsema tena mwanawe.

Jumapili iliyofuata mume wangu alikwenda mwenyewe kumwomba radhi. Sijui walizungumza nini. Alirudi na ndizi, macho mekundu, akasema mama amemsamehe. Nilizipokea ndizi nikaziweka chini. Alisimama pale mlangoni akingoja na mimi niseme neno, nami nikaendelea kukunja nguo za mtoto.