Sauti ya Abti kwenye Rekodi Yetu

Naona haya hata kuanza, lakini nikinyamaza Mutua ataisimulia yeye, na Mutua akisimulia hutia chumvi mpaka chakula hakiliki, kwa hivyo afadhali mnisikie mimi mwenye aibu yangu.

Mnajua tuna bendi ya roki, mimi gitaa, Feisal besi, Mutua ngoma (ndiyo, roki, hapa hapa Garissa, chekeni mmalize). Rekodi yetu ya kwanza tuliirekodi wenyewe kwa simu, ndani ya stoo ya unga, magodoro ukutani, tukainakili wenyewe kwenye flashi. Sauti zinakwaruza, mlango unalia, mbuzi anakohoa, na Feisal alitukataza kufuta chochote, eti huo ndio utamu wa lo-fi, muziki usiosafishwa. Ndipo nami nikaleta sauti ya Abti, mjomba wangu aliyenilea, niliyemrekodi kule kwetu Hulugho akiwaimbia ngamia wake waje kunywa maji, tukaiweka mwanzo wa wimbo wa kwanza. Abti hakujua. Hata gitaa hakujua kama napiga. Yeye alijua nasoma kompyuta, na alishaapa kwamba siku akisikia nimeingia mambo ya muziki nitarudi Hulugho kuchunga, na Abti haapi bure.

Siku ya uzinduzi tuliazima kiwanja nyuma ya mkahawa, viti vya plastiki, spika kubwa za harusi. Alasiri ikapita, viti vitupu. Kila nikisikia hatua nageuka, kumbe ni mhudumu anatafuta kikombe.

Mutua akasema, "Buda, watu hawajui tuko hapa. Geuza spika ziangalie barabara, weka ile ya mjomba, sauti juu kabisa."

Nikageuza. Hiyo tu, wallahi, kugeuza spika! Maana barabara ile ndiyo ya soko la mifugo, na mimi sikuwa na habari kwamba Abti ameingia mjini na ngamia wake, na kwamba walikuwa hawajaonja maji njia nzima.

Wimbo ukaanza. Feisal akainua kichwa. "Hii kengele tulirekodi lini?"

Hatukuirekodi. Ilikuwa shingoni mwa ngamia jike mzee aliyechungulia juu ya ua wa mabati, kisha mabati yakalala chini na wenzake wote wakaingia, viti vikapinduka, mmoja akazamisha mdomo kwenye beseni la soda na barafu, na yule jike mzee akasimama mbele ya spika akiitazama kama anayemngoja mtu atoke. Sasa watu wakaja! Mkahawa mzima ulimwagika nje, simu juu, wanatupiga picha, na mimi nikihangaika kuzima muziki, badala ya kuzima nikaongeza.

Abti akatokea na fimbo yake, anahema, akasimama katikati ya viti akijisikiliza. Niliogopa, sitawaficha. Akaliangalia gitaa, akaniangalia mimi, kisha akasema kwa Kiswahili, makusudi, ili wenzangu wasikie:

"Liban. Hii sauti ni yangu?"

"Ndiyo, Abti."

"Nimeita ngamia kuja kunywa maji. Maji iko wabi?"

Nikamwonyesha lile beseni la barafu (Mungu anisamehe, nilinyoosha kidole kabisa).

"Mimi toka nizaliwe sijaita ngamia kwa kisima kavu. Hata siku moja. Leo umewadanganya na mdomo yangu."

Bora angenichapa. Tukabeba madumu kutoka kwenye bomba la mkahawa, sisi watatu, mpaka mabega yakawaka, tukajaza mapipa ya kuazima. Abti akasimama kando ya maji akaimba. Ngamia hawakusogea. Akaimba tena, na yule jike mzee akaigeukia spika kwanza, ingawa tulikuwa tumeshaizima. Abti akaishusha fimbo yake. Mara ya tatu ndipo wakaja, polepole, na yeye hakunitazama tena siku hiyo.

Hulugho hajanirudisha mpaka leo, na simu yake ikilia bado moyo unaniruka. Sauti yake tumeifuta kwenye flashi zote, Feisal akanuna wiki nzima. Mimi sauti ya mtu siazimi tena. Nitaimba kwa koo langu hili bovu, na asiyekuja asije.