Makofi Yaliyobaki Ziwani

Wako watakaosema nilikuwa nimelewa. Basi muulize yeyote hapa Sumbawanga kama amewahi kuniona na kibuyu cha pombe mkononi. Mimi niliyeanza kwa kubeba chumvi kichwani toka bonde la Rukwa, leo nina duka la bati Katandala, na karani wa boma ananiamkia kwanza. Nitunge uongo ili nipate nini? Haya yalinipata mwenyewe.

Vita kuu ilikuwa imekwisha. Nilipakia maharage kwenye mashua ya tanga pale Kasanga, tusafiri usiku kwenda Mpulungu. Nahodha alikuwa Hamisi, mtu wa Ujiji. Ziwa Tanganyika usiku lilikuwa kama barabara kuu: meli ya abiria, matishari ya Wabelgiji, mashua za dagaa. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kukaa mbele na kuinua fanusi, meli zituone zisije zikatupanda.

"Wewe wa milimani," Hamisi akaniambia, "hiyo taa usiishushe hata ukiwashwa mgongo. Meli haijui kama wewe ni tajiri."

"Siku nikinunua meli nitakuajiri," nikamjibu. Akacheka.

Upepo ulikuwa laini. Taa za meli zilipita mbali, nyekundu, kijani, polepole, nikawa kama naota na macho yangu wazi. Ndipo nikasikia harufu ya ulezi unaopepetwa. Ulezi, katikati ya maji? Nikatazama. Niamini, bibi kizee alikuwa amekaa juu ya maji kama mtu aliyekaa mkekani, ungo mapajani, anapepeta. Makapi yalielea hewani kwenye mwanga wa fanusi yangu.

Akanisalimu kwa Kifipa chetu cha nyumbani, akaniita mjukuu.

Sasa wewe uliyelelewa Ufipa ungefanyaje? Mkubwa akikusalimu unaweka chini ulichoshika, unachutama, unapiga makofi taratibu. Mtu wa Ujiji asingejua hilo. Mimi nimelelewa. Nikaiweka fanusi nyuma ya magunia, nikachutama, nikapiga. Makofi hayakutoa sauti. Nikapiga tena. Kimya.

"Nimeyapokea, mjukuu wangu," akasema, akaufunika ungo kwa kiganja.

"Taa! Taa iko wapi, bwana?"

Ni Hamisi aliyepiga kelele, ameulalia usukani kwa mwili mzima. Nikageuka, meli imesimama juu yetu kama mlima, honi inalia. Nikainyakua fanusi nikaiinua. Ubavu wa chuma ukapita karibu mno, ningeweza kuugusa. Wimbi likabeba nusu ya magunia. Bibi hakuwepo.

Hamisi hakuona mtu. Lakini kulipokucha alibandua makapi ya ulezi kwenye koti langu, akayatazama.

"Sisi tumepakia maharage, bwana," akasema. Hakunitania tena mpaka Mpulungu.

Toka siku hiyo viganja vyangu havilii. Nilipomwoza binti yangu kule kijijini Kaengesa, nilichutama mbele ya wakwe nikapiga makofi, pakawa kimya. "Tajiri anatufukuzia nzi," mmoja akanong'ona. Ndoa ingevunjika pale pale kama mke wangu asingechutama ubavuni mwangu akapiga yeye. Mpaka leo ndiye anayenipigia.

Basi wewe utakayeshika taa ziwani usiku, mkubwa akikusalimu toka majini, mwitikie kwa mdomo tu. Akinuna, na anune. Taa usiishushe.