Kikao Uani kwa Mwalimu Mwamvita

Katika nyumba ya Mwalimu Mwamvita, Mtaa wa Mikoroshoni, Temeke, mgeni hakupata kupewa maji katika kikombe chenye ufa. Kama maji yenyewe hayapo, alivutiwa kiti akaambiwa ukweli: "Leo bomba limekauka, utuwie radhi." Ndivyo Mwamvita alivyolelewa Msasani, enzi Msasani ikiwa bado kijiji cha wavuvi, na baba yake akishona kanzu na kusomesha watoto msahafu kibarazani. Baba huyo alimpeleka binti yake shule ya wasichana wakati majirani wakimcheka kwamba anamsomeshea mwanamume mwingine. Binti akasoma, akawa mwalimu, akafundisha hesabu na Kiswahili miaka ishirini na mitatu. Nusu ya watu wazima wa mtaa ule walipita mikononi mwake, na wengine walimwogopa hata walipokwisha kuota mvi.

Mumewe, Mwinshehe, alikuwa fundi wa maji. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga valvu, ili mtaa huu upate maji Jumatatu na ule upate Alhamisi. Alitembea na ufunguo wa chuma, mrefu kama mkongojo, wenye mpini uliokingama juu. Mpini ule ulimchubua viganja, basi Mwamvita akachana ukanda wa khanga yake kuukuu, nyekundu yenye madoa meupe, akauzungushia na kuushona. Watu wakamwita Mzee wa Maji. Wapo waliomzika bila kulijua jina lake.

Ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa, kila mwenye gari akawa mfanyabiashara, na maboza ya maji yakaanza kupita mitaani yakipiga honi. Kadiri maboza yalivyoongezeka, ndivyo mabomba yalivyokauka. Na watu, wakiwa na madumu matupu mikononi, hutafuta wa kumsema. Wakasema Mzee wa Maji anakula na wenye maboza. Mwinshehe aliyasikia. Jioni moja, akivua viatu mlangoni, alimwambia mkewe, "Mie nafungua. Nikigeuza mgongo, mtu anafunga. Ofisini nimesema mpaka nimechoka." Mwezi wa tatu wa mwaka tisini na nne presha ikamwangusha, akaenda na neno lile juu yake.

Mwamvita akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, hasimami na wanaume. Bi Mauwa, jirani mjane aliyemzidi miaka ishirini na maneno mara mbili, akahamia chumbani kwake na mto wake ili amliwaze. Na kwa desturi ya ukoo wa Mwinshehe, vitu vya marehemu havigawiwi wala havitolewi nje mpaka mjane amalize eda. Siku ileile ya msiba wanawake walikusanya kanzu, kofia, makubadhi na ule ufunguo wa valvu, wakavifunga ndani ya shuka nyeupe na kuvisukuma chini ya kitanda. Hakuna aliyekumbuka kwamba ufunguo haukuwa wa marehemu. Wala ofisi haikutuma mtu kuuulizia, wala fundi mwingine kushika kazi yake.

Siku ya sitini na tisa alikuja Yustina. Alikuwa nesi wa zahanati, mtu wa Masasi, na katibu wa chama cha kuzikana cha mtaa, kile ambacho Waislamu na Wakristo walichangia pamoja turubai, sufuria na majamvi ya msiba. Alikaa mkekani.

"Mwalimu, nimekuja kukwambia mwenyewe, usije ukayasikia kwa wachota maji."

"Sema, mwanangu. Nimeshaondokewa na mume, utaniondolea nini tena?"

Yustina akaeleza. Akina mama wa chama walikuwa wamechoka kuzika watoto wa kuhara. Wamekwenda kwa wafanyabiashara wa mtaa, nao wamechoka kununua maji ya maboza. Wote pamoja wamekwenda kwa mtendaji wa kata, Bwana Audax, aliyehamishiwa hapo karibuni kutoka Bukoba, naye akakubali kukaa nao meza moja. Jumapili wanakutana kwenye tanuri la mikate la Albano kutafuta nani anaufungia mtaa maji. "Na Albano amesema atalitaja jina la marehemu. Anataka liandikwe kwenye barua ya kwenda ofisini."

Albano alikuwa mwoka mikate aliyeheshimika. Akisema neno, watu wanne wanalirudia kabla mkate haujapoa. Na barua ikishaandikwa, jina la Mwinshehe litakaa kwenye faili kama jina la mwizi, na watoto wake watalirithi hivyo.

"Maji sasa yanatoka?" Mwamvita akauliza.

"Yanatoka wapi? Jana Jumatano yalifunguliwa asubuhi, saa nne yakafungwa."

Hapo Mwamvita akahisi kitu kimemgusa kwa chini, kama mtu aliyekalia sindano. Yalifunguliwa kwa chuma gani, na yakafungwa kwa chuma gani, ilhali ufunguo uko chini ya kitanda chake?

Yustina alipokwenda, alimwita shemeji yake, Mashaka, mdogo wa Mwinshehe, akamweleza kupitia pazia. Mashaka akapigwa na butwaa.

"Shemeji, ufunguo wa serikali umo humu ndani? Siku zote hizi? Basi tumekwisha. Watasema kumbe mkewe ndiye anayeukodisha. Nipe niutupe kwenye kisima cha msikiti cha zamani, mambo yaishe."

"Ukiutupa, tutakuwa tumeiba kweli."

"Na ukiutoa?"

"Nikiutoa nitaonekana mzembe. Mzembe ni jina dogo, Mashaka. Nitaweza kulibeba."

"Eda yako je? Utakwenda kwenye tanuri la mikate kusimama mbele ya wanaume?"

"Mie siendi popote. Kama wanataka kumsema Mwinshehe, waje wamsemee nyumbani kwake."

Ujumbe ukapelekwa. Bwana Audax, kwa kuwa hakuwa mtu wa pwani, akauliza kwanza kama inaruhusiwa, na mzee wa msikiti akamwambia: mjane akikaa nyuma ya pazia, shemeji yake akawapo na wanawake wakawapo, hakuna ubaya. Jumapili baada ya sala ya alasiri jamvi la chama cha kuzikana likatandikwa uani kwa Mwamvita. Akina mama wakakaa upande wa jikoni, wafanyabiashara upande wa ukuta, mtendaji akavua viatu na kukaa katikati na karatasi zake mapajani. Kahawa ikazungushwa na kashata. Mlangoni pazia lilining'inia, na nyuma yake Mwamvita akiwa ameketi wima kama aliyekuwa akisimamia mtihani.

Albano aliingia wa mwisho. Akatafuta mahali mbali.

"Albano," sauti ikatoka ndani, "sogea. Hata darasani ulikuwa unakaa nyuma."

Watu wakacheka, naye akasogea. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema ulichokuja kusema, usikipunguze kwa sababu unakula kashata yangu."

Albano akakohoa. "Mwalimu, sina ugomvi na maiti. Ila mie naoka mikate, na mikate inataka maji. Mwaka mzima uliopita Mzee alikuwa akifungua asubuhi, mchana makavu. Na tulimwona kwa macho yetu akinywa chai na madereva wa maboza."

"Alikunywa. Alikuwa akiwasihi wamwambie nani anaufunga mtaa kwa ajili yao. Lakini sikuombi uniamini mie, mke husema la mumewe. Mashaka, leta."

Mashaka akatoka na lile furushi la shuka. Akaliweka jamvini, akafungua fundo. Ikaonekana kanzu, ikaonekana kofia na makubadhi yaliyolika visigino, na katikati ule ufunguo mrefu wenye ukanda mwekundu mpinini. Mtu mmoja kati ya wafanyabiashara akaguna. Akina mama wakatazama chini. Bwana Audax aliacha kalamu.

"Huo ni mali ya ofisi," Mwamvita akasema. "Siku ya msiba ulifungwa pamoja na vitu vya marehemu, kwa desturi yetu, na mie mwenye akili na cheti cha ualimu nikasahau kwamba si kitu cha kurithi. Ningeurudisha siku ya pili. Sikuurudisha. Hilo ni kosa langu, liandikeni na jina langu. Lakini leo ni siku ya sabini na mbili ufunguo huo haujaona jua, na Jumatano valvu ilifunguliwa ikafungwa. Nani kaigeuza?"

Albano akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetafuta mlango, "Mtu angeweza kuuazima, Mwalimu."

Hapo Bi Mauwa akashindwa kuvumilia. "Aazime kwa nani? Mie nalala mlangoni mwa chumba hicho toka siku ya maziko. Kikohozi changu kinawaamsha nyinyi huko kwenu, ije kuwa mtu kupita na chuma kirefu kama hicho? Paka tu akipita namjua ni wa nani. Au unasema na mie nakula na maboza, Albano? Na meno haya mawili?"

Kicheko kikapasuka, hata Bwana Audax akajifunika mdomo. Albano hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya ule ufunguo, akiuangalia mwisho wake wa chini, pale panapovaa kichwa cha valvu. Akaupima kwa kiganja. Akaurudia kuupima, na wenzake waliomjua wakajua kuna kitu.

"Nimeona mwingine kama huu," akasema hatimaye. "Nyuma ya tanuri langu yuko Fransis, fundi chuma. Mwaka juzi alinionyesha kitu cha namna hii, akasema ni oda ya dereva wa boza, wa kufungulia tangi. Mie nikaamini. Sijui kwa nini niliamini, boza halina tundu la kuvaa chuma kama hiki." Akanyanyua uso kuelekea pazia. "Mwalimu, nilikuwa na jibu nyuma ya ukuta wangu, nikaja kulitafuta kwenye kaburi la mwenzangu."

Yustina, aliyekuwa karibu na mlango, alisikia jinsi Mwamvita alivyovuta pumzi.

Kesho yake walikwenda watatu kwa Fransis: Yustina kwa niaba ya chama, Albano kwa niaba ya wafanyabiashara, na mtendaji kwa niaba ya serikali. Fundi yule hakuficha. Yeye alipewa kipimo akafua chuma. Kwa neno lake dereva akapatikana, na kwa dereva wakapatikana wenzake wawili. Yustina, Albano na mtendaji wakaupeleka ufunguo wa Mwinshehe ofisini pamoja na barua. Barua ile ilikuwa na majina, lakini la Mwinshehe lilitajwa kwa jambo moja tu: kwamba aliwahi kutoa taarifa ya valvu kufungwa ovyo na hakusikilizwa. Bwana Audax mwenyewe alikuja kuisoma mbele ya pazia kabla ya kuipeleka, polepole, neno kwa neno, na Mwamvita akamsahihishia sentensi mbili.

Wakakubaliana na ofisi jambo ambalo Temeke haikuwahi kulisikia. Valvu ya mtaa ikajengewa sanduku la zege lenye mfuniko wa chuma na kufuli tatu. Simenti ilitoka kwa wafanyabiashara, nguvu za kuchimba zikatoka kwa waume za akina mama, na kibali kikatoka kwa kata. Kufuli moja ilikuwa ya chama cha kuzikana, ya pili ya wafanyabiashara, ya tatu ya mtendaji. Fundi wa ofisi hawezi kuigusa valvu mpaka watatu wafike. Na ratiba ya maji Albano akaichora kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa tanuri lake, herufi kubwa, ili hata anayenunua mkate wa shilingi chache aisome.

Chama kilipokaa kuchagua nani ashike ufunguo wa kufuli yake, Yustina alisema, "Mie nina zamu za zahanati. Mpeni mtu aliyetoa ufunguo hadharani wakati angeweza kuuficha." Hakuna aliyepinga. Kwa muda uliobaki wa eda Bi Mauwa alikwenda badala yake, akirudi kila mara na habari zaidi ya maji.

Mwamvita alimaliza eda mwezi wa saba. Akaogeshwa, akavaa, akafukizwa udi. Jumatatu ya kwanza alitoka nyumbani kwa mguu, khanga mpya begani, ufunguo mdogo umefungwa kwenye pindo. Barabarani watu walimwamkia tangu mbali. Kwenye sanduku la valvu foleni ya madumu ilikwisha kupinda kona, na Bwana Audax na Albano walikuwa wamefika. Albano alikuwa ameshika mkate uliofungwa kwenye gazeti. Hakusema ni wa nini, alimpa tu kwa mikono miwili, mbele ya watu, naye akaupokea kwa mikono miwili.

Wakafungua kufuli zao, mmoja baada ya mwingine. Fundi aliyeletwa na ofisi, mtu wa makamo kutoka Kipawa, alikuwa na ufunguo uleule wa zamani. Akautazama mpini, akaanza kuchokonoa uzi kwa ukucha.

"Tambara hili limechakaa," akasema. "Ngoja nilitoe, nifunge mpira."

Mwamvita akafumbua mdomo, lakini Albano alimtangulia, kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia.

"Liache hapohapo, bwana. Hilo la Mzee wa Maji. Mtu mwaminifu yule, sie ndio tulimkosea."

Fundi akaondoa ukucha. Akaushika mpini palepale penye khanga, akainama, akageuza.